Nimepewa kuigiza Eddie Carbone na sijui nimchukie au nimhurumie. Wapenzi wa tamthiliya njooni

FundiWaMwanjelwa (mtoa mada)

Wakuu, kwema?

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa hapa Mbeya. Tamthiliya mara ya mwisho nilizisoma kidato cha nne, tena kwa ajili ya mtihani. Sasa kuna kikundi pale parokiani kwetu kinaandaa igizo. Walikuja kwangu kushonewa mavazi tu. Mwongozaji ni mwalimu mstaafu, mama mkali kidogo. Siku hiyo alinikuta nabishana na mteja kuhusu zipu, akasimama mlangoni akisikiliza mpaka mteja akaondoka, kisha akasema, "Sauti hiyo ndiyo ninayoitafuta." Basi nikawa mhusika mkuu. Mavazi naendelea kushona mimi, na hela sijaiona.

Igizo ni A View from the Bridge la Arthur Miller, Mmarekani. Lilichezwa kwanza New York mwaka 1955 likiwa la sehemu moja, mwaka uliofuata akalipanua kuwa sehemu mbili likachezwa London. Tafsiri tumeitengeneza wenyewe, jioni baada ya kazi, tumejikunyata kwenye makoti, maana baridi ya mwezi wa saba hapa mnaijua.

Kwa wasiolijua: Eddie Carbone ni kuli wa bandarini, mtaa wa Red Hook, Brooklyn, kwenye Waitaliano wengi. Anaishi na mkewe Beatrice na binti wa miaka 17, Catherine, ambaye mama yake, dada yake Beatrice, alishafariki. Wamemlea wao. Wanakuja binamu wawili wa Beatrice kutoka Sicily, wameingia kinyemela kutafuta kazi. Marco ana mke na watoto watatu aliowaacha na njaa. Mdogo wake Rodolpho hana mke, ana nywele za dhahabu, anaimba, anachekesha watu kazini. Catherine anampenda. Kuanzia hapo Eddie anaharibika kidogo kidogo. Anamwambia binti kwamba kijana anatafuta makaratasi ya ukaazi tu. Anakwenda kwa mwanasheria Alfieri, ambaye ndiye msimulizi wetu, anaambiwa sheria haina la kumsaidia. Mwisho anapiga simu Uhamiaji. Ndugu wanakamatwa, na Marco anamtemea mate usoni mbele ya mtaa mzima. Siku ya harusi Marco anakuja kwake, Eddie anachomoa kisu, Marco anaukamata mkono na kuugeuza, kisu kinamwingia Eddie mwenyewe. Anafia mikononi mwa mkewe.

Sasa shida yangu. Mwongozaji anataka watazamaji wamwogope Eddie tangu anapoingia. Mimi nikisimama pale namwona jirani yangu. Anamwambia binti sketi ni fupi, viatu virefu vinamfanya atembee vibaya, wanaume wanageuza shingo. Nani humu mwenye binti hajasema hayo? Binti anapata kazi ya ukarani, dola 50 kwa wiki, Eddie anasema eneo lile si zuri, amalize kwanza masomo, na mwishowe anakubali kwa shingo upande. Mimi mwezi wa tano nimemkatalia binti yangu kazi Makambako kwa maneno yaleyale, na hakuna aliyeniita katili.

Kwa hiyo nauliza kweli, si kwa kejeli: Eddie anavuka mstari wapi?

Kibanda_Cha_Mahindi

Natia kambi hapa. Leteni chai.

BodaTunduma

Mkuu fundi, mimi sioni kosa lake. Sheria ni sheria. Huku kwetu kila mara tunasikia wamekamatwa vijana wa Kiethiopia wamejazwa kwenye lori wanaelekea Afrika Kusini. Mwananchi akitoa taarifa anasifiwa. Huyo Eddie katoa taarifa, tatizo liko wapi? Tatizo ni huyo Marco mwenye kisirani.

MtuWaKyela

BodaTunduma, taarifa ya nani na kwa sababu gani? Ngoja nikueleze kwa ya kwetu. Ng'ambo ya mto Songwe kuna Wangonde wa Malawi. Lugha yao na Kinyakyusa ni kitu kimoja, mpaka uliwekwa na Wajerumani na Waingereza, wala hatukuulizwa. Shangazi yangu ameolewa Karonga. Mtoto wake akija kunisaidia kuvuna mpunga akakaa miezi miwili, hajapitia Kasumulu kugonga muhuri, hilo ni kosa, sikatai. Lakini nikiamka siku nampigia simu Uhamiaji baada ya kuona anaongea na binti yangu, hapo sijawa raia mwema. Nimeitumia serikali kama rungu la nyumbani kwangu.

Na Eddie anajua. Mwanzoni kabisa, wageni hawajafika, yeye na mkewe wanamsimulia Catherine habari za kijana Vinny Bolzano wa miaka 14, aliyemchomea mjomba wake kwa Uhamiaji. Baba yake mzazi na kaka zake watano walimburuta ngazi za ghorofa tatu, wakamtemea mate barabarani. Eddie anasimulia ili binti ajifunze kufunga mdomo. Adhabu ya kosa lile kaisoma mwenyewe kwa sauti, kisha akalitenda.

BodaTunduma

Sawa, hiyo ya Vinny sikuijua. Lakini bado nasema baba ana haki ya kumchunguza anayemtaka binti.

Mwl_Gangilonga

Kamwene nyote, nipo Iringa. Nimefundisha fasihi miaka mingi, ngoja nichangie kabla uzi haujageuka kuwa wa mipaka ya nchi.

Baba mwenye kumlinda binti ni mhusika wa zamani sana jukwaani. Mwalimu Nyerere alipotutafsiria Mabepari wa Venisi ya Shakespeare mwaka 1969 alituletea Shailoki, anayemwagiza bintiye Jesika afunge milango asichungulie hata dirishani, na usiku huohuo binti anatoroka na mchumba na sanduku la mali. Wale tuliosoma tamthiliya ya Ngoswe tunamkumbuka mzee Mitomingi: binti kaondoka na karani wa sensa, mzee anachoma karatasi za serikali. Hasira ya baba inatafuta kitu cha kuunguza. Kwa Eddie kilichoungua ni ndugu wa mkewe.

Ila kuna tofauti, na ndiyo jibu la fundi. Shailoki na Mitomingi wanapoteza binti. Eddie anapoteza mtu ambaye hana jina la kumwita. Wanafunzi wangu huandika "Eddie ana wivu" wakadhani wamemaliza. Wivu kwa nani? Kiswahili kinatusaidia: mwenye husuda anatamani cha mwenzake, mwenye wivu anaogopa kunyang'anywa chake. Eddie anaona wivu juu ya mtu ambaye hakuwa wake kwa namna hiyo, na kwa sababu hawezi kulisema hilo hata akiwa peke yake, analitafutia maneno mengine: sketi, viatu, eneo la kazi, makaratasi, nywele za Rodolpho. Kila neno lake peke yake ni la busara. Yapange yote kwenye mstari mmoja uone yanaelekea wapi.

Alfieri anamwambia wazi, tena mapema, kwamba mapenzi juu ya mtoto yamezidi, na kwamba mtoto lazima aachwe aende. Eddie anamaka. Hakuja kuelezwa hayo, alikuja kuulizia kifungu cha sheria.

FundiWaMwanjelwa

Mwalimu ndaga fijo. Hiyo ya maneno ya busara yanayopangwa mstari mmoja nimeiandika kwenye karatasi ya vipimo.

Na hapohapo niwachekeshe. Moja ya sababu za Eddie kumdharau Rodolpho ni kwamba kijana anajua kushona. Anamweleza Alfieri kwa uchungu kabisa: gauni la Catherine lilikuwa limembana, kijana akalitandaza mezani, akakata, akashona jipya. Kwake huo ni ushahidi kwamba huyu si mwanaume kamili. Sasa mimi, fundi cherehani wa miaka 22 kazini, natakiwa kuyasema haya kwa kuchukia, mbele ya ukumbi uliojaa watu niliowashonea sare za kwaya. Mazoezi ya kwanza ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Mwongozaji akataka tubadilishe, tuseme kijana anasuka nywele. Nikakataa. Nilimwambia mama, acha hivyohivyo. Mtu akitafuta sababu ya kumchukia mwenzake ataokota hata uzi na sindano.

Kibanda_Cha_Mahindi

Sare za kwaya 😂😂 Fundi siku ya igizo weka na bei zako mlangoni.

BintiNjombe

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Sitaweka jina.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, nikalelewa na mama mdogo na mumewe, huko vijijini Njombe. Baba mdogo alinipenda, hilo sitaliondoa. Alinibeba mgongoni kwenda zahanati usiku wa mvua. Viazi vikivunwa, ada yangu ndiyo ilitoka kwanza. Nilipofika kidato cha tatu akaanza kuhesabu dakika. Kutoka shule hadi nyumbani ni dakika arobaini, nikifika kwa hamsini naulizwa kumi zimekwenda wapi. Alimfuata kijana mmoja aliyenisalimia gulioni akamchapa fimbo mbele za watu. Barua zangu alizisoma. Nilipochumbiwa mara ya kwanza alisema ukoo wale wana ugonjwa. Mara ya pili alisema kijana mvivu. Hakuwahi kunigusa vibaya hata siku moja, naomba ieleweke. Lakini nyumba nzima iligeuka ikanitazama mimi.

Ninachotaka kusema ni kuhusu mama mdogo. Wote humu mnamzungumzia Eddie. Mama mdogo aliacha kuniita jikoni. Tulikuwa tunapeta mahindi pamoja, tunaimba, tunasengenya. Ikafika akawa ananiwekea chakula mezani kama mgeni. Nikidhani nimemkosea, naosha vyombo vyote, nachota maji, hasemi kitu. Nilikuwa mtoto, sikuwa na akili ya kujua kwamba mtu anaweza kukuonea wivu juu ya mumewe na huku wewe humtaki, unataka mama. Nimeolewa nina miaka 31, kwa kuondoka alfajiri. Baba mdogo tulikuja kupatana, akaja hadi kunishika mtoto. Na mama mdogo mpaka leo tunasalimiana tu.

Kwa hiyo fundi, kama Beatrice wenu amekaa pembeni anapika, mmekosea igizo.

Mwl_Gangilonga

BintiNjombe, pole, na asante kwa kuandika.

Umelishika ambalo wengi hulipita. Katika toleo la 1956 Miller aliwapa wanawake nafasi kubwa zaidi kuliko la kwanza, na kuna mazungumzo baina yao wawili ambayo kwangu ndiyo moyo wa igizo. Beatrice anamweleza Catherine kwamba ameshakuwa mwanamke: asizungukezunguke na nguo ya ndani mbele ya Eddie, asikae ukingoni mwa bafu akipiga naye soga huku mwanaume ananyoa ndevu akiwa na nguo za ndani. Kisha anamuuliza kama anadhani anamwonea wivu. Binti anashtuka. Hajawahi kulifikiria. Beatrice anamwambia alipaswa awe amelifikiria, halafu haraka anasema yeye hana wivu.

Huyo ni mama anayejaribu kumwondoa mtoto nyumbani bila kumsukuma. Na kabla ya hapo amemuuliza mumewe lini atakuwa mke tena, kwa kuwa miezi mitatu wanalala kitanda kimoja kama wapangaji. Eddie anajibu hajisikii vizuri, tangu wageni waje. Wageni wana wiki chache tu. Hesabu haikubali.

FundiWaMwanjelwa

Leo sikufungua kibanda asubuhi, nimekaa na simu nasoma ya BintiNjombe.

Niseme ukweli: mazoezi yote nimekuwa nikimwangalia Catherine na Rodolpho. Beatrice wetu, anayeigizwa na mama muuza vitenge, amekuwa nyuma yangu na sufuria. Jana nilimwomba mwongozaji tufanye ile ya "lini nitakuwa mke tena" nikiwa nimemtazama usoni. Sikuweza kumaliza sentensi yangu. Nilikuwa naangalia chini kama mtu anayetafuta kifungo.

BabaWanne

Jamani naomba nipingane. Mnatufanya wababa wote tuonekane wagonjwa. Mimi nina mabinti wanne hapa Uyole, barabara kuu ya Zambia inapita mlangoni, malori usiku na mchana, na maneno ya madereva nayajua kwa kuwa nimekuwa utingo. Nisipowafungia nani atawafungia? Tukisoma tamthiliya za Wamarekani tutaacha kulea.

MtuWaKyela

BabaWanne hakuna aliyekuambia uache lango wazi. Ila swali dogo. Akija kijana mwenye kazi, mwenye adabu, ukoo unaujua, na binti ana umri na anamtaka, je, kuna wa kumkubali? Eddie hakuwa na kijana wa kumkubali duniani. Angekuja mtoto wa meya angemwona ana pua mbaya.

BabaWanne

Yupo. Nafikiri yupo. Sijamwona bado.

BibiTukuyu

Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mwagonile. Nimesomewa yote. Nataka kuuliza fundi, huyo binti anamwitaje huyo mwanaume?

FundiWaMwanjelwa

Bibi shikamoo. Kwenye Kiingereza anamwita kwa jina, Eddie, kama mtu na rafiki yake. Sisi tumeweka "mjomba".

BibiTukuyu

Marahaba. Basi mmeharibu.

Mjomba ni kaka wa mama. Huyu ni mume wa dada wa mama. Dada wa mama ni mama, kwa hiyo mumewe ni baba, na binti ni mwanae. Mkiweka mjomba mnampa nafasi ya kupumua, mtu atasema ah, ni mjomba tu. Mkiweka baba, kila neno litachoma.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Zamani huku kwetu Unyakyusa watoto wa kiume wakifika miaka kama kumi walikwenda kujenga vibanda vyao na wenzao wa rika, kijiji chao. Hawakulala na wazazi. Na mkamwana hakuonana na baba mkwe. Akisikia anakuja anaacha njia, anaingia migombani, hata jina lake halitaji. Bibi yangu mimi alifanya hivyo hadi uzee. Wazungu waliona ni utumwa, na sisi tuliokwenda misheni tukacheka. Lakini mwenye kuweka uzio ule alijua moyo wa mtu mzima una nini. Hakusubiri aibu itokee ndipo aulize. Huyo Eddie alikaa vyumba viwili vitatu na binti aliyekua, hakuna uzio, hakuna mzee wa juu yake. Anakwenda kumuuliza wakili! Wakili ni mtu wa mashamba na urithi.

Tena jambo lingine. Anamwitaje mkewe?

FundiWaMwanjelwa

Analikatisha jina, bibi. Anamwita B. Kwenye Kiswahili tumeshindwa, tumeacha "Beatrisi".

BibiTukuyu

Mwanaume wa hapa mwenye mtoto nyumbani haiti jina la mkewe. Anaita mama fulani. Wamelea binti mmoja. Ataita Mama Kata, kwa huyo Catherine wenu.

Mwl_Gangilonga

Bibi umeniangusha chini. Yaani kila akimwita mkewe, jina linalotoka ni la binti.

BintiNjombe

Kwetu aliitwa hivyo hivyo. Mama na jina langu. Sikuwahi kulifikiria mpaka dakika hii.

BodaTunduma

Na akifa?

FundiWaMwanjelwa

Boda, umeuliza swali ambalo limenikosesha usingizi. Kwenye igizo neno lake la mwisho ni jina la mkewe, anamwita wake. Naona kazi ipo. Naenda kwa mwongozaji sasa hivi. Atanifukuza, zimebaki siku kumi na mbili.

Kibanda_Cha_Mahindi

Mkuu usipotee, mrejesho ni lazima.

Mwl_Gangilonga

Wakati tunamsubiri fundi nijibu hoja ya BabaWanne, sikuridhika jinsi tulivyoiacha.

Igizo halisemi ulinzi ni ubaya. Marco naye ni mlinzi: yuko Marekani kwa ajili ya watoto, mkubwa wao ni mgonjwa wa kifua, kila senti inakwenda nyumbani. Eddie anapompa Rodolpho mazoezi ya ngumi kwa kisingizio cha kumfundisha, akampiga kidogo, Marco hasemi. Anachukua kiti, anakishika mguu mmoja kwa chini, anamwomba Eddie akinyanyue. Eddie anashindwa. Marco anakinyanyua mpaka juu ya kichwa chake Eddie, na kutabasamu. Huo ni ulinzi pia, na umefika mahali pake.

Halafu tazama simu ile ya Eddie inakowafikia. Alitaka kumwondoa mtu mmoja. Wamechukuliwa ndugu wote wawili, pamoja na vijana wengine wawili waliokuwa wamefikia jengo hilohilo, ndugu wa mchinja nyama Lipari, ambao hata hakuwajua. Marco anapoteza mshahara uliokuwa unawalisha watoto wake. Beatrice anakatazwa kwenda harusini, achague mume au mtoto aliyemlea, na anabaki. Na Catherine anapomwita Eddie panya, Beatrice ndiye anayemnyamazisha, anamwambia yaliyotokea wameyafanya wote. Nimebishana na sentensi hiyo miaka mingi. Sioni Catherine alifanya nini. Ila naona kwa nini Beatrice alihitaji kuisema.

BabaWanne

Mwalimu nimekuelewa kwenye kiti. Hiyo ya kuyafanya wote siikubali na mimi.

BintiNjombe

Mimi naikubali kidogo. Nyumbani kwetu watu wazima waliojua walikuwa wengi. Mjomba alijua, jirani alijua, katekista alijua. Mama mdogo alijua kabla ya wote. Walisubiri nikue.

FundiWaMwanjelwa

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, wiki mbili sijalala vizuri, na kipaimara kimenikuta na magauni kumi na nane.

Tumecheza Jumamosi. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama. Mwongozaji alikubali "baba" siku ileile. "Mama Kata" alikataa siku tatu, akasema tunamwingilia mwandishi. Siku ya nne alikuja mwenyewe na daftari, amebadilisha kila mahali kwa kalamu nyekundu, hakusema kitu.

Kulikuwa na kikwazo kingine sikuwaambia. Kuna pale Eddie anarudi amelewa, siku mbili kabla ya Krismasi, anawakuta vijana wametoka chumbani. Anambusu binti kwa nguvu, kisha anambusu Rodolpho ili kumdhalilisha. Mwongozaji anasema hata London mwaka 1956 serikali ilikataza, ikabidi ukumbi ugeuzwe kuwa klabu ya wanachama ndipo lichezwe. Sasa sisi kwenye ukumbi wa parokia! Tuliishia hivi: Eddie anamkamata binti kwa nguvu kwenye mabega na kumvuta kifuani, hamwachii, mpaka watu waone amechelewa kumwachia. Halafu anachukua lile gauni alilolishona kijana, anamvisha kijana kichwani kwa nguvu. Nililishona mwenyewe gauni hilo, nikaacha mshono mmoja wa bega hafifu ili lichanike. Lilipochanika ukumbi ulinyamaza. Nilisikia baba mmoja mbele akisema "aisee" polepole.

Kwenye kushona, walicheka kama kawaida. Kwenye simu ya Uhamiaji kuna mtu alipiga kelele "usipige!" Na kila nilipoita "Mama Kata", yule mama muuza vitenge aliitika "abee" bila kunitazama, anaendelea na kazi. Hatukupanga. Alianza mwenyewe siku ya mazoezi ya mwisho.

Mwishoni, kisu kimeingia, amenishika kichwa. Nikasema, "Beatrisi. Beatrisi wangu." Wakuu, kwa saa mbili hakuna mtu alikuwa amelisikia jina hilo kutoka kwangu. Yule mama hakuitika. Alitakiwa alie, alinitazama tu kama mtu aliyeitwa na mgeni. Pazia lilichelewa kwa sababu kijana wa pazia alikuwa anafuta macho.

Kuhusu swali langu la kwanza, la mstari. Sikuuona mstari jukwaani. Kila hatua niliyopiga ilikuwa fupi.

BodaTunduma

Nimetoka machozi nikiwa kijiweni, abiria ananishangaa.

BabaWanne

Fundi na ile kazi ya Makambako?

FundiWaMwanjelwa

Ilishachukuliwa na mtu mwingine. Binti kapata nyingine Mafinga, duka la pembejeo. Anaondoka Jumatatu. Nimemshonea koti, mfuko wa ndani una zipu. Nimejizuia kumuuliza mwenye duka ana umri gani.

BibiTukuyu

Na mkeo alikuja ukumbini?

FundiWaMwanjelwa

Alikuja bibi, alikaa safu ya tatu. Njiani kwenye bajaji hakusema lolote hadi tunakaribia Ilomba. Kisha akasema suruali ya Eddie niliikata vibaya, inanibana nyuma nikiinama. Mengine aliyosema si ya humu.